Pete Mguuni mwa Ndege: Historia ya Kunasa, Kutia Pete na Kuhesabu Ndege wa Mashambani, pamoja na Istilahi Zake

Mfasiri aliyepewa maandishi ya Ulaya juu ya ndege wa mashambani hukutana mapema na maneno ambayo kamusi zetu huelekea kuyajibu upesi mno. Kuna neno la kumnasa ndege akiwa hai. Kuna neno la kumtia pete mguuni na kumwachilia. Kuna neno la kuwahesabu ndege wa eneo fulani mwaka baada ya mwaka. Na juu ya yote kuna jina la majira yenyewe, wakati wa baridi, ambalo kwa kuwa ni la kawaida sana hakuna anayelishuku. Kila moja lina kisawe karibu, na kila kisawe, kikichukuliwa bila kuangalia kazi inayotajwa, humpeleka msomaji wetu mahali ambapo mwandishi wa asili hakukusudia.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya kazi hiyo huko ilikokulia, yaani katika mashamba ya Uingereza na ya nchi jirani zake za kaskazini ya Ulaya, kwani haielekei kwamba istilahi yaweza kusanifiwa vema na mtu asiyejua kifaa kinavyoshikwa. Hoja yangu kubwa ni juu ya pete. Historia yake yaonyesha kwamba pete ya ndege si pambo, wala si chapa ya mwenye mali, ni anwani. Na kwa kuwa ndege wa Ulaya huja Afrika kila mwaka, na baadhi yao wamevaa pete hizo, kisawe kinachoificha maana hiyo kina hasara isiyo ya lugha peke yake.

Tuanze na majira. Katika Uingereza, Denmark na Uholanzi miezi ya Desemba, Januari na Februari ndiyo ya baridi kali. Mchana ni mfupi: mjini London, siku iliyo fupi kuliko zote, jua huonekana kwa muda usiotimia saa nane. Ardhi ikiganda, ndege mdogo mwenye uzito wa gramu 20 au 25 hana budi kula karibu muda wote wa mwanga ili aumalize usiku akiwa hai. Baadhi ya kamusi zetu hutoa neno "kipupwe" kuwa kisawe cha majira hayo. Neno ni zuri na ni la asili, lakini kipupwe chetu ni cha Juni hadi Agosti, wakati wa kusi. Mwalimu wa Njombe akiwasomea wanafunzi kwamba mbayuwayu huikimbia Ulaya "kipupwe kinapokaribia", watoto watafahamu kwamba ndege hao huondoka mwezi wa Mei, ilhali Mei ndipo wanapojenga viota huko. Hali ni ile ile kwa "vuli", ambayo kwetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba, na kwa Mzungu wa kaskazini imefanywa kuwa majira ya majani kupukutika. Sioni ubaya wa kuandika "majira ya baridi ya Ulaya" na kutaja miezi yake mara ya kwanza. Ni maneno mengi kidogo, lakini hayamdanganyi mtu.

Sasa tuje kwenye kunasa. Shamba la Ulaya wakati wa baridi lilikuwa windo kabla halijawa maabara. Sababu zake zaeleweka. Ngano na shayiri zikishavunwa, mabua mafupi yalibaki shambani hadi wakati wa kulima, na juu ya ardhi zilibaki punje zilizodondoka pamoja na mbegu za magugu. Ndege waliokuwa wametawanyika wawili wawili wakati wa kuzaa walikusanyika hapo kwa makundi makubwa. Na mkulima mwenyewe, au kibarua wake, alikuwa hana kazi nyingi. Hivyo katika karne ya 19 vipozamataza wa Ulaya (jina lao la kisayansi ni Alauda arvensis) walinaswa usiku kwa nyavu pana zilizoburutwa na watu wawili juu ya mabua, wakapelekwa kwenye masoko ya London kuliwa. Eneo la Dunstable, kaskazini ya mji huo, lilipata sifa kwa kitoweo hicho. Wengine walinaswa kwa ulimbo na kuuzwa wakiwa hai, ili waimbe katika matundu ya watu wa mjini.

Katika jimbo la Friesland, Uholanzi, kulikuwa na ustadi wa pekee. Ndege aitwaye kwa Kifrisia "wilster" (Pluvialis apricaria) alinaswa kwenye majani ya malisho kwa wavu mrefu uliolazwa chini na kuinuliwa ghafula kwa nguvu ya kamba na upepo, kundi linapopita chini chini. Mnasaji aliketi nyuma ya kinga, akaita kwa filimbi, mbele yake akiwa ameweka sanamu za ndege. Familia nyingi zisizo na ardhi zilipata riziki ya miezi ya baridi kwa njia hiyo. Biashara ilipopigwa marufuku katika nusu ya pili ya karne ya 20, wanasaji hawakuutupa wavu. Waliendelea kunasa, ila sasa ndege alipimwa, akatiwa pete na kuachiliwa, na ujuzi wa wazee wasiosoma sayansi ukawa msingi wa utafiti mkubwa juu ya ndege yule. Nimelitaja jambo hili kwa kusudi. Wafrisia hawakutafuta kitenzi kipya kwa kazi mpya. Wilster alinaswa jana kwa chungu, na leo ananaswa kwa daftari.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Kiswahili kina hazina ya kutosha hapa: kunasa, kutega, kitanzi, mtego, ulimbo, wavu. Wapo wanaopendelea "kukamata" wakidhani kuwa ni neno la heshima zaidi. Hilo nadhani lina harufu ya kituo cha polisi. "Kunasa" latosha, na pale ambapo sheria inazungumzwa mfasiri aongeze "na kuachilia", kwa sababu hapo ndipo tofauti ilipo. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1954 iliwakinga karibu ndege wote wa porini, na ile ya 1981 ikaichukua nafasi yake. Tangu hapo mtu hawezi kuwanasa ila kwa kibali, na wanaotaka kutia pete hufundishwa mkono kwa mkono na wazoefu kwa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi peke yao.

Wavu wenyewe umekuja kutoka mbali. Wajapani walikuwa na wavu wa nyuzi nyembamba sana, uliosimamishwa kati ya nguzo mbili, ambao ndege hauoni. Huupiga, kisha huangukia katika mfuko wa wavu ule ule. Waliuita "kasumi-ami", yaani wavu wa utusitusi ule unaotanda juu ya nchi asubuhi. Walioutumia walikuwa wanasaji wa kitoweo, na Japani yenyewe iliupiga marufuku kwa uwindaji mwaka 1947. Lakini wataalamu wa ndege walikwisha kuuona, na mwaka 1956 ulianza kutumika Uingereza. Waingereza walitafsiri jina la Kijapani neno kwa neno, nasi tumeanza kulitafsiri la Waingereza: "wavu wa ukungu". Mtu aweza kulaumu kwamba wavu huo haunasi ukungu, na kwamba hivi sasa kuna nyavu nyingine zinazotegwa milimani kweli kweli ili kukusanya maji ya ukungu. Wavuvi wetu wangeweza kutupa neno jingine, kwani jarife nalo hutegwa likasubiri samaki ajinase mwenyewe. Hata hivyo naelekea kuliachia "wavu wa ukungu" lipite, kwa sababu nitakayoitaja mbele.

Kabla ya pete palikuwa na mshale. Mwaka 1822, karibu na Klütz huko kaskazini ya Ujerumani, aliuawa korongo mweupe ambaye shingoni mwake ulikuwa umepita mshale mrefu, karibu sentimita 80, uliotengenezwa Afrika. Ndege huyo yupo hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Wakati huo wasomi wa Ulaya walikuwa wakibishana kama ndege wanaotoweka wakati wa baridi hulala matopeni au huenda nchi nyingine. Mwindaji Mwafrika asiyejulikana jina aliwajibu, bila kukusudia, kwa silaha yake. Mshale ulisema "Afrika", lakini haukusema wapi wala lini.

Aliyeupa ujumbe huo anwani ni mwalimu wa shule, Hans Christian Cornelius Mortensen wa Viborg, Denmark. Mwaka 1890 alijaribu pete za zinki, akaona kuwa ni nzito mno. Mwaka 1899 alipata alumini, akatengeneza pete nyepesi, akachora kila moja nambari yake na jina la mji, akawavisha kwezi wa Ulaya zaidi ya 160, akawaachilia. Yafaa tuangalie alichofanya. Watu walikuwa wamefunga nyuzi, vyeti na vyuma miguuni mwa ndege kwa karne nyingi kabla yake, hasa wafugaji wa vipanga wa kuwindia, ambao walitaka kumtambua ndege wao akipotea. Pete ya Mortensen haikudai kwamba kwezi ni wake. Ilimwomba mtu asiyemjua, mahali asipopajua, ampelekee habari.

Wazo lilienea upesi. Huko Rossitten, kwenye ukanda wa mchanga wa bahari ya Baltiki ambao sasa uko Urusi, Johannes Thienemann alianza kutia pete mwaka 1903. Kunguru wake wa kwanza aliwapata kwa watu wa pale pale waliokuwa wakiwanasa kwa nyavu ili wawale, kama walivyofanya babu zao. Nchini Uingereza mipango miwili ilianza mwaka 1909, mmoja wa Arthur Landsborough Thomson katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, mwingine wa Harry Witherby, mchapaji na mhariri wa London. Wa Aberdeen haukuishi kuvuka Vita Kuu ya Kwanza. Wa Witherby ulidumu, na mwaka 1937 ukakabidhiwa kwa shirika la British Trust for Ornithology, ambalo lilikuwa limeanzishwa mwaka 1932 na ambalo linauendesha hadi sasa. Siku hizi ndege wanaotiwa pete humo kwa mwaka hukaribia milioni moja, na kazi kubwa hufanywa na watu wa kujitolea.

Pete za Witherby ziliandikwa jina lake, mtaa wake na mji wake. Mwezi wa Mei 1911 mwanasheria mmoja wa Cheadle, katikati ya Uingereza, alimtia mbayuwayu pete yenye nambari B830 nyumbani kwake. Tarehe 23 Desemba 1912 mbayuwayu huyo alinaswa ndani ya nyumba ya shambani karibu na Utrecht, jimbo la Natal, Afrika ya Kusini, na aliyemnasa akaandika barua hadi London. Huo ulikuwa uthibitisho wa kwanza kwamba mbayuwayu wa Uingereza hufika kusini kabisa ya bara letu. Nambari tano tu za habari zilitosha: herufi na tarakimu za pete, mahali na siku ya kutiwa, mahali na siku ya kupatikana. (Na hapa tena tukumbuke majira. Tarehe ile ilikuwa ya baridi kali huko Cheadle, na ya kiangazi cha joto huko Natal. Mfasiri atakayeandika kwamba ndege alikutwa Natal "wakati wa kipupwe" amekosea katika nchi zote mbili kwa mara moja.)

Uandishi wa anwani mahali padogo namna ile una hatari zake. Husimuliwa kisa, ambacho huenda ni mzaha wa wataalamu wenyewe, cha mkulima wa Marekani aliyeokota kunguru mwenye pete ya idara ya serikali. Jina la idara lilikuwa limefupishwa hivi kwamba vipande vyake vitatu vilisomeka kama amri ya upishi: osha, chemsha, pakua. Mkulima akafanya kama alivyoagizwa, kisha akaandika barua kulalamika kwamba nyama ilikuwa mbaya. Kiwe kweli au kisiwe, kila mwenye kazi ya kufupisha majina ya idara apaswa kukijua.

Basi tuite nini? Nimekutana na visawe vinne. "Kutia alama" ni kupana mno, kwani ndege hutiwa alama pia kwa rangi na kwa vibandiko vya mabawa, na kwa kawaida alama hizo hazina anwani. "Kutia chapa" ni hatari. Chapa ni ya ng'ombe, na mwenye chapa ndiye mwenye ng'ombe. Mtu aliyemkuta ndege mwenye "chapa" ya London shambani mwake atadhani ameua mali ya mtu, na pete itafukiwa pamoja na manyoya. "Kikuku" ndicho sahihi kwa upande wa umbo na mahali, kwa sababu kikuku huvaliwa mguuni kama vile mkononi, ilhali pete ni ya kidole. Wanaokitetea wana haki kabisa, ila wamesahau kwamba tunazungumza juu ya ndege, na sentensi "alionekana ndege mwenye kikuku" itampa msikilizaji picha ya mama na kifaranga chake. Linabaki "pete", ambalo watu wanaofanya kazi hii huku kwetu hulitumia bila kuuliza. Lakini kitenzi chake kichaguliwe kwa uangalifu. "Kuvisha pete" kumekwisha kuchukuliwa na uchumba, na nililitumia hapo juu kwa Mortensen ili msomaji aone linavyosikika. Kwa istilahi naona "kutia pete", na nomino yake "utiaji pete", ndiyo yafaayo. Kitenzi kitia hakina harusi.

Kuhesabu ni habari nyingine, na hapa ndipo shamba lenyewe linapoingia kwa uzito. Karibu na mwaka 1960 mashamba ya Uingereza yalikuwa yakipanda mbegu zilizopakwa dawa kali za kuua wadudu, kama vile aldrini na dieldrini. Ndege wala mbegu walikufa kwa wingi, wakaokotwa mashambani. (Neno letu "dawa" lina ukarimu uliopita kiasi, huifunika sumu na tiba kwa shuka moja.) Ilipoulizwa ni ndege wangapi waliopungua, haikuwezekana kujibu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hesabu ya awali. Kwa hiyo mwaka 1962 shirika nililolitaja lilianzisha hesabu ya kila mwaka ya ndege wa kawaida, kwanza katika mashamba. Haukupita mwaka, ikaja baridi ya 1962 na 1963, ambayo katika sehemu nyingi za Uingereza haikuwa imeonekana mfano wake tangu 1740, na ndege wadogo wakafa tena kwa wingi. Safari hii hesabu ilikuwepo. Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba kati ya 1968 na 1969 ndege wa vichaka vya pembeni mwa mashamba, Sylvia communis, alipungua kwa karibu robo tatu. Naye hakuuawa na baridi yoyote ya Uingereza, bali na ukame wa Saheli alikokwenda kuikwepa.

Jina la Kiingereza la hesabu hiyo lilitumia neno letu la "sensa", lakini kwa kweli haikuwa sensa. Yalihesabiwa maeneo machache yaliyochaguliwa na wahesabuji wenyewe. Kasoro hiyo ilisahihishwa tangu 1994 kwa mpango mpya wa miraba ya kilomita moja iliyoteuliwa kwa bahati nasibu, na ule wa zamani ukafungwa mwaka 2000. Tanzania imefanya sensa za watu mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, na raia anajua maana yake: kila mtu, kila nyumba. Tusilitumie neno hilo kwa hesabu ya sampuli kwa sababu tu Mwingereza aliteleza. Tuseme "hesabu ya sampuli", au "hesabu ya ndege" pale palipo wazi. Na zaidi ya hayo, tusiseme "upimaji". Kijijini wapimaji ni watu wa ardhi. Mtumishi akitangaza kwamba kesho watakuja wageni kufanya "upimaji wa ndege wa mashamba", wanakijiji watalisikia neno la kwanza na la mwisho, wala hawatalala.

Hesabu za miaka hiyo zilileta habari mbaya. Tangu 1970 ndege wa mashambani wa Uingereza, wakichukuliwa pamoja, wamepungua kwa zaidi ya nusu. Shomoro wa mitini, Passer montanus, alipungua kwa zaidi ya asilimia 90 katika muda wa kizazi kimoja cha watu. Lakini hesabu peke yake haisemi kwa nini. Ndege wanaweza kupungua kwa kuwa makinda hayapatikani, au kwa kuwa wakubwa wanakufa. Idadi inayosomwa mwishoni ni ile ile. Hapo ndipo pete zilipojibu. Pete zilizorudishwa na watu waliookota ndege waliokufa, zikipangwa kwa miaka, ziliwawezesha wataalamu kukadiria ni sehemu gani ya ndege iliyouvuka mwaka hai. Kwa baadhi ya wala mbegu, akiwamo Emberiza schoeniclus, ilionekana kwamba viota havikuwa na kosa kubwa. Kilichopungua ni uwezo wa kuishi kutoka mwaka hadi mwaka.

Chanzo kilitafutwa shambani, katika miezi ile niliyoieleza mwanzoni. Wakulima walikuwa wameacha kupanda nafaka baada ya baridi na kuanza kuipanda kabla yake, hivyo mabua yalilimwa mara tu baada ya mavuno. Dawa za magugu ziliondoa mbegu zilizokuwa zikibaki chini. Mashine za kuvunia ziliacha punje chache, na maghala mapya hayakuwa na tundu la kupitia shomoro. Shamba lilikuwa la kijani Januari nzima, zuri kwa macho, na ndani yake hapakuwa na chakula. Kuanzia 1999 hadi 2003 watu wa kujitolea walipita mashambani katika majira matatu ya baridi kuhesabu. Kazi hiyo si kama ya wakati wa kuzaa, ambapo kila dume huimba penye mpaka wake. Wakati wa baridi ndege wako kimya na kwa makundi. Kipozamataza hulala chali ya mabua hadi mguu wa mtu umfikie, na shamba lililokuwa tupu leo huwa na mia kesho. Hata hivyo matokeo yalikuwa wazi: mashamba yenye mabua yalivuta ndege kupita kiasi cha eneo lao, na palipokuwa na mabua ya kutosha wakati wa baridi, ndege kadhaa waliendelea vizuri zaidi wakati wa kuzaa uliofuata.

Serikali za Ulaya zilikuwa zimesaidia kidogo bila kutaka. Kuanzia 1992 wakulima wakubwa walilazimishwa kuacha sehemu ya ardhi bila kulimwa ili kupunguza ziada ya nafaka, na kanuni hiyo ikaondolewa mwaka 2008. Tumezoea kuita jambo hilo "kupumzisha ardhi", tafsiri ambayo ni bora kuiepuka: mkulima wetu hupumzisha ardhi iliyochoka, wao waliisimamisha ardhi yenye nguvu. Siku hizi wako wakulima wanaolipwa kuacha mabua au kupanda vipande vya mbegu kwa ajili ya ndege, na watia pete hutega nyavu zao kando ya vipande hivyo alfajiri za Januari. Ndege hutolewa wavuni kwa vidole vyenye ganzi, hutiwa katika mfuko wa kitambaa, hupimwa bawa na uzito, pete hufungwa kwa koleo maalum, kisha huachiliwa, yote kwa dakika chache kwa sababu mchana ni mfupi na ana njaa. Mbegu zenyewe mara nyingi huisha kabla ya Machi. Miezi ya njaa kabla ya chakula kipya haihitaji istilahi kwa msomaji wa Dodoma.

Sasa turudi nyumbani. Katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi, Kenya, kwenye hoteli ya Ngulia, iligunduliwa mwaka 1969 kwamba usiku wa Novemba na Desemba usio na mbalamwezi, ukungu ukitanda kilimani, taa za hoteli huwavuta ndege wa kutoka Ulaya na Asia wanaopita juu gizani. Tangu wakati huo watia pete wamekuwa wakikutana pale kila mwaka, na ndege waliotiwa pete ni mamia ya maelfu. Bila ukungu hakuna kazi. Hii ndiyo sababu niliyoiahidi: Ngulia imeipa tafsiri yetu ya "wavu wa ukungu" haki ambayo Mwingereza hakuiweka ndani yake.

Pete za ndege wa nchi za mbali zinaweza kuokotwa na yeyote: mchungaji, mwanafunzi, mama anayepalilia. Hatua inayofuata ni kwa mwenyekiti wa kijiji au mwalimu, na hatua hiyo ni ya maandishi. Pete za Uingereza sasa hubeba, pamoja na jina la jumba la makumbusho la London, anwani ya tovuti; lakini aliyeokota hatafika huko asipoelezwa kwamba kipande kile cha alumini ni ombi la habari. Iwapo ofisi zetu zitachapa tangazo, napendekeza liandikwe hivi, na kila neno limepimwa kwa sababu zilizotajwa: "Ukimwona au ukimwokota ndege mwenye pete, andika herufi na nambari zote zilizo katika pete, mahali, tarehe, na jinsi ulivyompata, kisha upeleke habari hiyo kwa anwani iliyochorwa hapo au kwa mwalimu wa shule iliyo karibu. Ndege huyu hana mwenyewe. Kama yu hai, mwachilie aende na pete yake."